Bendi Tatu na Friji ya Bibi

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Bibi anakusalimu na kukushukuru: raba ya mlango wa friji uliyomtumia imefika, tumeibandika, na sasa mlango unafunga kwa adabu. Friji yenyewe bado inanguruma vilevile ulivyoiacha. Mama naye anakusalimu. Amehamishiwa wodi ya watoto, anasema huko angalau wanaolia wana sababu. Mimi sijambo. Fizikia nimefaulu, riadha sikufaulu, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna jipya.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu hujikunja kama jongoo aliyeguswa. Kwenye karatasi siogopi mtu.

Ile bendi yetu bado ipo. Tunaitwa Chumba cha Nyuma, kwa sababu mazoezi tunafanyia chumba cha nyuma kwa Bibi, kile ulichokuwa ukilala wewe. Mrefu anapiga gitaa. Nyundo anapiga drumu. Ni binti wa fundi bati, mkono ameurithi. Tuna mwimbaji mwenye sauti ya kupasua glasi. Mimi napiga besi, nimesimama karibu na ukuta, ubavuni mwa friji. Kile kifaa cha Mrefu cha kupimia noti kilitumbukia kwenye ndoo ya maji, basi tangu hapo tunapatanisha nyuzi kwa mngurumo wa friji. Usicheke. Inatoa noti moja, haichoki wala haina makuu. Mwezi uliopita tulibadilisha nyuzi zote tukazikaza kwa friji hiyo hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Lile jumba la zamani la sinema limepata mwenyewe mpya, naye amekubali tupige muziki pale Jumamosi ya mwisho ya Mei. Si sisi peke yetu. Bendi za roki hapa mjini ni tatu, na zote zinajitegemea: hatuna kampuni wala meneja, mabango tunabandika wenyewe kwa gundi ya unga. Kuna Waya Wazi, wanaopiga mbio mbio kana kwamba nyumba inaungua. Kuna Sita Kasorobo, ambao wimbo wao mmoja unaweza kuuanza umekaa ukaumaliza umelala. Wako sita, ila mmoja wao huchelewa siku zote, ndiyo sababu ya jina. Na sisi.

Mwenye ukumbi alitusikiliza, halafu akasema: "Bendi tatu, sawa. Lakini mkianza kubadilishana mitambo, hii inatoka ile inaingia, hapo katikati kuna kimya. Watu wanatoka nje kupunga upepo. Mtu akishatoka nje harudi. Nileteeni wa kuziba, la sivyo hakuna onyesho."

Alikuwa na DJ wake, lakini huyo hupiga muziki wa aina moja tangu jioni mpaka watu wachoke. Sita Kasorobo wakasema akipanda huyo, wao wanashuka. Ikawa vuta nikuvute. Hapo ndipo mdomo wangu, huu usiofunguka hata darasani, ukafunguka wenyewe.

"Mjomba wangu ni DJ. Yeye anapiga kila kitu."

"Kila kitu ndiyo nini?" akauliza mwenye ukumbi.

"Matarumbeta, magitaa, kwaya, muziki wa filamu za zamani. Anavipanga mpaka vinaonekana ndugu. Anaitwa DJ Kabati, kwa sababu hujui kitakachotoka."

"Atakuja?"

Mjomba, nikasema utakuja. Najua maji yakimwagika hayazoleki. Tafadhali sema ndiyo.

Mpwa wako,
Profesa


2 Machi

Profesa,

Marahaba, marahaba mara mbili, moja ya barua na nyingine ya fizikia. Riadha achana nayo. Katika ukoo wetu hakuna aliyekimbia akafika.

Mimi ni mzima ila mikono imechoka. Jana nilikuwa hoteli moja kubwa ya ghorofa kumi tangu asubuhi, nikatoka jioni sijala. Leo mgongo unanidai. Mwambie Mama, yaani Bibi yako, asihangaike, nakula vizuri siku nyingine zote. Mwambie Dada hongera kwa wodi mpya.

Habari ya friji imenichekesha hadi jirani akagonga ukuta. Lakini nikaacha kucheka nikakaa kitako. Friji hiyo ndiyo iliyonilea mimi. Miaka yote niliyolala chumba hicho, ilikuwa ikinyamaza naamka, ikianza kunguruma nalala tena. Mpaka leo nikiweka santuri ya kwanza huwa natafuta iliyo karibu na noti ile, na sikuwahi kujua kwa nini mpaka niliposoma barua yako. Kwa hiyo msijione wajinga. Mna mwalimu mzee kuliko nyote.

Nikupe ushauri wa bendi tatu. Msianze na wenye kelele. Masikio ni kama tumbo, huanzi na mlo mzito. Waanze Sita Kasorobo wakati watu bado wanatafuta viti. Kisha Waya Wazi wawanyanyue. Nyinyi muwe wa mwisho, kwa sababu mko katikati: mnajua kwenda polepole na mnajua kukimbia. Halafu mpige wimbo mmoja pamoja, bendi zote tatu, watu waondoke na kitu kimoja kichwani. Na huyo wa kuziba asipige tu ili kuua kimya. Aanze pale bendi ilipoishia, amalize pale inayofuata inapoanza. Kazi yake ni daraja, na daraja halisimami upande mmoja.

Karatasi imekwisha. Soma, kula, lala.

Mjomba wako,
Kabati


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Bibi amewaambia majirani kwamba mwanawe anapiga muziki kwenye mahoteli ya ghorofa kumi, na sasa ghorofa zimefika kumi na nne.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaigeuza nyuma, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Neno "ndiyo" halimo. Neno "hapana" halimo pia, nikashukuru kidogo. Wakati nakungoja mabango yamechapishwa. Yana rangi ya chungwa. Juu kabisa wameandika Sita Kasorobo, Waya Wazi, Chumba cha Nyuma, na chini yake, kwa herufi nene kuliko zetu sote, DJ KABATI. Moja limebandikwa mbele ya shule yangu. Kila asubuhi napita hapo kichwa nimekiinamisha.

Wazo lako la wimbo wa pamoja lilikubaliwa, na Jumapili tulikutana kwenye gereji ya Waya Wazi kuufanyia mazoezi. Aibu niliyoipata sijapata kuisoma hata kitabuni. Tulipoanza wote kwa pamoja, mpiga gitaa wa Waya Wazi alinyanyua mkono.

"Simameni, simameni. Chumba cha Nyuma, mnapiga wimbo gani?"

"Huu huu," akasema Mrefu.

"Huo si huu. Huo labda ni binamu yake."

Wakapima kwa kifaa chao. Sisi tuko chini yao, si kidogo. Ikabidi Nyundo aeleze habari ya friji. Mjomba, walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya spika. Mpiga kinanda wa Sita Kasorobo, mtu mpole kabisa, akauliza kama tukipatanisha kwa jokofu la bucha tutapata noti ya chini zaidi.

"Haya, pandisheni nyuzi twende," akasema yule wa Waya Wazi.

"Hatupandishi," nikasema mimi.

Wote wakanigeukia. Nadhani wengine hawakuwahi kunisikia sauti. Nikarudia kwamba hatupandishi, tumezoea hapa tulipo, washuke wao. "Tushuke kwa sababu ya friji?" akasema. Tukaachana hivyo.

Na friji yenyewe inaumwa. Wiki hii mngurumo unatetemeka, halafu inagonga mara mbili ndipo inanyamaza. Bibi anaipiga konzi ubavuni, inaamka. Naogopa.

Tafadhali andika lile neno.

Profesa


20 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Joto la mwaka huu halijaisha, kazi ni nyingi, kila mtu ananiita kwa wakati mmoja, na ninaporudi hata kalamu ni nzito. Mafua yalinishika nikayashinda. Nimefurahi ghorofa zinaongezeka.

Kwanza friji. Ivuteni itoke ukutani, upana wa kiganja. Angalieni chini, nyuma, kwenye kompresa, ile pampu inayonguruma: ina miguu minne, kila mguu umekaa juu ya raba. Nina hakika mbili zimekauka, ndiyo sababu inatetemeka. Kateni vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, vikunjeni mara mbili, vipachikeni hapo kwa muda. Kule kugonga mara mbili ni kompresa inashindwa kuanza, kuna kidude kidogo ubavuni mwake kimechoka; hicho msikiguse, kina umeme. Na akija fundi yeyote akasema anaongeza gesi kabla ya kutafuta inapovuja, mwonyeshe mlango.

Pili, nyuzi. Hao Waya Wazi wana haki ya kucheka, mimi mwenyewe nimecheka. Lakini nimekaa nikafikiri. Mtu hukataa kupandisha nyuzi kwa sababu mbili. Moja, nyuzi ni kuukuu, anaogopa zitakatika. Zenu ulisema mmebadilisha Januari. Ya pili, mwimbaji hafiki huko juu. Na barua yako ya kwanza ilikuwa na mwimbaji mwenye sauti ya kupasua glasi. Ya pili ina Mrefu, ina Nyundo, ina wewe, ina hata jokofu la bucha. Mwimbaji hayumo.

Nani anaimba, Profesa?

Msalimie Mama. Mwambie Dada asinywe chai badala ya kula.

Kabati


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Mpira wa baiskeli tumepachika, mtetemeko umepona. Kugonga mara mbili bado kupo. Mama amesoma barua yako akasema wewe nawe kula badala ya kutoa ushauri. Bibi amepata miwani mipya na amegundua kwamba nyumba ina vumbi, kwa hiyo hatuna raha.

Unajua napenda vitabu vya upelelezi. Mwisho wa kitabu mpelelezi hukusanya watu wote sebuleni. Mimi sijakusanya mtu, niko peke yangu na barua hii, na nikimaliza nitaibandika stempu.

Mtu anapiga muziki hotelini, lakini anaingia asubuhi na kutoka jioni. Mikono yake inachoka na mgongo pia. Kazi yake inaongezeka msimu wa joto. Anajua kompresa ina miguu mingapi, na anajua kutoka mbali kwamba raba mbili zimekauka. Na alipotaka kumfurahisha mama yake, hakumtumia kitenge. Alimtumia raba ya mlango.

Sijamwambia mtu. Sihitaji jibu. Sioni aibu yoyote ndani yake, ukitaka kujua. Kinachonisumbua ni kimoja tu: hujasema hapana. Mtu ambaye hataki husema hapana, au husema ana kazi. Wewe unaandika kurasa mbili za daraja na masikio na mpangilio wa bendi, halafu karatasi inakwisha. Nadhani unataka kuja kuliko hata ninavyotaka mimi.

Mwenye ukumbi ametupa hadi katikati ya Mei. Asiposikia kutoka kwako anamleta DJ wake. Akija huyo, Sita Kasorobo wanajitoa, na bila wao yeye anasema bendi mbili hazijazi ukumbi. Basi tumekwisha.

Kuhusu swali lako la nani anaimba: hali ya hewa huku ni nzuri, usiku kuna ubaridi kidogo.

Profesa


11 Mei

Profesa,

Marahaba. Huku nako hali ya hewa ni nzuri sana. Nyuzi joto nne ndani, thelathini na mbili nje.

Karakana yetu ya kutengeneza mafriji ina moja iliyokufa zamani, haifai hata vipuri. Niliikausha, nikaipaka rangi ndani, nikaweka santuri zangu zote humo. Hakuna panya wala unyevu, na mlango unafunga barabara. Unajua mimi na raba za milango. Kwa muda mrefu sikuufungua. Kila ukumbi niliokwenda walikuwa wakiniambia, "Kabati, amua moja. Watu wanataka kujua watasikia nini." Nikaamua. Bisibisi haikuulizi unapenda muziki gani.

Juzi, baada ya barua yako, niliufungua. Mwenzangu wa karakana akaniuliza, "Humo kuna nini, nyama?" Nikamwekea santuri ya bendi ya matarumbeta, juu yake nikaingiza kwaya, kutoka kwaya nikaingia kwenye magitaa ya kelele. Aliacha kulehemu. Akasema, "Hii yote ni kitu kimoja?" Nikamwambia, "Sasa hivi, ndiyo."

Ndiyo. Umeliona? Nimeliandika mara mbili, na hii ya tatu: ndiyo, nakuja. Mpelekee mwenye ukumbi barua hii aione.

Lakini sikiliza. Mimi nitapanda pale mbele ya watu wa mtaa nilikozaliwa, na mikono yangu ikinuka gesi. Hilo nalikubali. Basi na wewe ukubali lako. Huwezi kuimba ukiwa umesimama ubavuni mwa ukuta. Utasogea mbele.

Na msipandishe hata uzi mmoja. Sauti yako iko pale ilipo friji, kwa sababu umekua ukiimba chini chini pembeni yake, kama mimi. Watashuka wao. Hilo niachie. Ninachohitaji ni kimoja: nirekodie mngurumo wake. Maiki iwekeni nyuma, karibu na kompresa, robo saa bila kukatiza, kabla haijaanza kugonga kwake. Nyumba nzima inyamaze.

Kabati


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwenye ukumbi amesoma barua yako akauliza nyuzi joto nne zinahusu nini. Nikamwambia ni lugha ya wasanii. Amekubali.

Mwimbaji wetu alihamia Waya Wazi mwezi wa Machi. Alisema sisi tuko polepole na chumba kinanuka vitunguu. Yote mawili ni kweli. Mrefu alijaribu kuimba, Nyundo akamwomba asirudie. Siku hiyo nilikuwa nainama kukaza uzi na kuimba chini chini bila kujua, nikainua macho nikawakuta wote wawili wananitazama. Hayo ndiyo yaliyotokea. Mama hajui. Anadhani bado nasimama ukutani. Mimi mwenyewe sijui kama sitasimama ukutani.

Mngurumo nimerekodi, robo saa kamili. Nimekuwekea nakala kwenye kaseti na nyingine kwenye kadi ya simu. Nyumba ilinyamaza, ila katikati Bibi aliingia bila kujua, na anasikika wazi akisema: "Funga mlango wa friji!" Mlango ulikuwa umefungwa. Nilitaka kurudia kurekodi, lakini kugonga kulianza, na tangu siku hiyo friji haijanguruma tena vile. Kwa hiyo hicho ndicho tulicho nacho.

Njoo mapema. Bibi ameanza kuosha kuta.

Profesa


7 Juni

Profesa,

Nimerudi salama, santuri zote ziko kwenye friji yao. Dada aliniwekea chakula cha siku tatu kwa safari ya siku moja. Mwambie nilikula chote.

Unafunga macho ukiimba. Mwanzo mpaka mwisho hukuyafungua. Kwa hiyo onyesho lako hukuliona, na mimi nililiona lote kutoka kule pembeni kwenye mashine zangu. Acha nikusimulie.

Watu walipoanza kuingia nilikuwa tayari nimeweka mngurumo wa friji, chini kabisa, kiasi ambacho mtu hasemi anasikia kitu. Juu yake nikaweka santuri zangu, na kila moja nilipunguza mwendo mpaka ikashuka ikakaa sawa na friji. Mashine zina kile kijiti cha mwendo, ukikivuta polepole santuri inashuka kama mtu anayekaa kitini. Matarumbeta yakakaa, kwaya ikakaa. Sita Kasorobo walipopanda, yule mpole wa kinanda alisikiliza, akatikisa kichwa, akabonyeza kitu kwenye kinanda chake, noti zake zikashuka. Hakuulizwa. Wenzake wakamfuata.

Waya Wazi walikuwa wabishi, si unawajua. Wimbo wa kwanza walipiga kwao juu. Ukumbi mzima ukakunja uso kama mtu aliyeuma limau, kwa sababu masikio ya watu yalikuwa yamehamia chini muda mrefu. Yule wa gitaa akanitazama. Nikamwongezea friji kidogo. Ndipo Mama yangu akasikika kwenye spika zote za jumba zima: "Funga mlango wa friji!"

Wewe ulikuwa nyuma ya pazia unatapika, niliambiwa. Watu walicheka, wakapiga makofi, na Mama mwenyewe, aliyekuwa mstari wa kwanza kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani, akasimama akaitikia, "Si nimesema!" Yule kijana wa gitaa akacheka na yeye. Akalegeza nyuzi. Watu wote mia na ushee wakamsubiri alegeze, bila mtu kutoka nje kupunga upepo.

Halafu nyinyi. Ulitoka umekumbatia besi kama mtu anayebeba mtoto wa jirani. Ulienda ukutani. Nyundo akakuelekeza kwa kijiti cha drumu. Ukasogea. Mngurumo ulikuwa bado uko chini, nikauacha peke yake, sikuweka kitu juu. Na wewe ukaanza kuimba kutoka ndani ya mngurumo ule, mpaka watu hawakujua umeanza saa ngapi. Yule mwimbaji wenu wa zamani alikuwa pembeni yangu. Alisema, "Kumbe huyu anaongea?" Nikamwambia, "Tangu Machi."

Mama yako aliingia wimbo wa pili, amevaa sare za wodi, amesimama mlangoni. Akamwuliza kijana wa tiketi, "Nani huyo anaimba?" Kijana akasema hajui. Mama yako akamwambia, "Ni mwanangu." Halafu akamwambia aliyekuwa mbele yake, na wa pembeni yake, ambao hawakuwa wameuliza.

Wimbo wa pamoja ulikuwepo, huo uliusikia.

Jumatatu ulipokuwa shuleni nilivua shati nikaivuta friji ya Mama kutoka ukutani. Nilikuwa na kile kidude kipya, na raba nne. Mama alikaa akanitazama tangu mwanzo, amekunja mikono. Nilipomaliza nikasema, "Mama, kuna jambo sikuwahi kukueleza."

Akasema, "Lipi? Ni DJ gani huyo anayemtumia mama yake raba ya mlango wa friji?"

Nikamwuliza mbona basi anawatangazia majirani mahoteli. Akasema, "Huingii hotelini? Si unaingia."

Mwenye ukumbi ameniuliza kama nitarudi Agosti. Nikamwuliza chumba chake cha kupozea vinywaji kinafanya kazi. Hakifanyi. Basi nitarudi kwa yote mawili.

Kabati


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mama ameomba zamu ya mchana Jumapili ili aje mazoezini. Anakaa kwenye gunia la vitunguu na kutoa maoni. Waya Wazi walikuja pia, kuazima ile kaseti ya mngurumo uliyoniachia. Yule wa gitaa anasema wamejaribu kurudi juu, wameshindwa. Lile bango la chungwa bado liko mbele ya shule. Kuna mtu amenichorea friji chini ya jina letu. Sasa nalipita nikilitazama.

Nimefungua macho, Mjomba. Mara moja, Jumapili, katikati ya wimbo. Nilimwona Nyundo amenuna na Mrefu ametoa ulimi. Nikayafunga tena, lakini nimeshajua kuna nini huko nje, si kitu cha kutisha.

Ila umetuharibia jambo moja. Friji umeitengeneza vizuri mno. Haingurumi tena. Inafanya kazi kimya kama paka, barafu ipo, maziwa hayachachi, na Bibi halali. Alikesha siku tatu. Anasema nyumba imenyamaza kama kuna mgonjwa. Mwishowe nikamletea ile redio ya kaseti nikaiweka juu ya friji, nikamwekea mngurumo wake wa zamani. Alilala kabla sijafika mlangoni.

Sasa ndiyo desturi. Kila jioni namwekea robo saa yake. Tatizo ni pale katikati. Kila sauti yake inapofika na kusema "Funga mlango wa friji!", Bibi anafumbua macho, anavaa kandambili, anaenda chumba cha nyuma kuusukuma mlango, anakuta umefungwa, na anarudi kulala ameridhika kabisa.

Mpwa wako,
Profesa